Kona ya Mwalimu: Gondolosi, chupa ya unga na vidonge vya tansiyo

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kutunza maji ya kunywa. Nawashukuru walionisimamisha njiani kuniambia kwamba ndoo zao sasa zina mfuniko.

Mwezi huu nimeulizwa na watu wengi juu ya mzizi wa gondolosi. Wengine wameniuliza wazi, wengine wamenivuta pembeni na kuniuliza kwa sauti ya chini, hasa wababa. Nilisita kuandika kwa sababu gazeti hili linasomwa na familia nzima, na gondolosi inagusa mambo ya chumbani. Lakini kuna jambo limetokea mtaani kwetu, na mimi nina sehemu yangu ndani yake. Nikinyamaza nitakuwa nimekosa mara mbili. Basi nitaandika kwa heshima, na ninyi mnisome kwa uvumilivu.

Ni mzizi gani huu?

Hapa Malawi wanauita gondolosi. Ndugu zetu waliopitia Uganda wanaujua kwa jina la mulondo, na waliokaa Kenya magharibi wanauita mukombero. Wataalamu wa mimea wanauita Mondia whitei. Ni mmea mmoja tu, majina ndiyo mengi. Unaota sehemu nyingi za Afrika, kuanzia magharibi mpaka Afrika Kusini, na sisi Wakongo tunao pia katika misitu yetu.

Ni mmea unaotambaa na kupanda juu ya miti mingine. Majani yake ni mapana, yana umbo kama la moyo, na ukikata shina linatoa utomvu mweupe kama maziwa. Mzizi wake una harufu nzuri, kama ile ya vanila inayowekwa kwenye keki na biskuti. Ukiutafuna unakuwa mchungu kidogo kwanza, halafu unaacha utamu mdomoni. Watu wanautafuna ukiwa mbichi, wanauchemsha kama chai, au wanaukausha na kuusaga. Wazee wanautumia kwa kuleta hamu ya kula, kwa tumbo, kwa uchovu, na zaidi kwa nguvu za kiume.

Mimi mwenyewe nimeutafuna nikiwa kijana wa shule ya sekondari, tulipokuwa tunasoma usiku kwa mtihani. Haukuniletea shida. Kwa hiyo msinione kama mtu anayedharau dawa za mababu. Bibi yangu alinilea kwa majani na mizizi, na nipo hapa ninaandika.

Jinsi nilivyosoma ile chupa

Wengi mnajua kwamba jioni ninafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Katika darasa letu kuna mzee mmoja anayetengeneza baiskeli. Tumwite Papa Fundi. Amenikubalia niandike habari yake, mradi nisimtaje jina. Papa Fundi ana presha, au tansiyo kama tunavyosema nyumbani, na kila mwezi alikuwa anachukua vidonge vyake zahanati.

Siku moja baada ya darasa alitoa mfukoni chupa ndogo ya plastiki yenye unga wa rangi ya kahawia. Alikuwa ameinunua kwa mchuuzi mmoja aliyepita na begi.

"Mwalimu, unisomee hii. Iko Kiingereza, na herufi iko ndogo sana."

Nikaisoma. Juu palikuwa na picha ya simba. Chini pameandikwa kwamba ni gondolosi safi, asilia kwa asilimia mia moja, na inatibu presha, sukari, maumivu ya mgongo, vidonda vya tumbo, upungufu wa nguvu za kiume na ugumba.

"Na haina sumu?" akauliza.

"Imeandikwa haina madhara yoyote," nikamjibu.

Wakati huo wanafunzi wengine watatu walikuwa wamesogea kusikiliza. Ninakiri kwamba nilijisikia vizuri kuwa mtu anayesoma Kiingereza mbele ya wazee. Nilitafsiri kila neno kwa sauti kubwa, kama mtu anayesoma tangazo la ofisi. Sikuongeza swali hata moja. Sikuuliza kiwanda kiko wapi. Sikuangalia kama kuna tarehe ya kwisha muda. Nilisoma tu.

Papa Fundi alirudi nyumbani akaweka vidonge vyake vya tansiyo juu ya kabati, akaanza kula unga kijiko asubuhi na kijiko jioni. Kwa nini asifanye hivyo? Mwalimu amesoma kwamba unatibu tansiyo.

Wiki ya kwanza alisema anajisikia mwepesi. Wiki ya pili kichwa kikaanza kumuuma kisogoni, lakini akasema ni jua. Katika wiki ya tatu, akiwa anaziba pancha ya tairi, mkono wa kushoto ukaachia chombo na mdomo ukaenda upande. Vijana walimbeba mpaka zahanati. Waliopima tansiyo walikuta 210 kwa 120. Kwa mtu mzima, ikifika 140 kwa 90 na kuendelea hivyo kila anapopimwa, tayari inahesabiwa ni tansiyo ya juu. Ilikuwa ni kiharusi.

Mungu amesaidia, yuko hai, anaongea na anatembea. Lakini ule mkono bado hauna nguvu, na fundi wa baiskeli bila mkono wa kushoto hawezi kukaza spoki. Mtoto wake wa kwanza ameacha kuja masomo ya jioni ili amsaidie baba kazini.

Nilipokwenda kumwona, mama wa nyumba hakunifokea. Alinipa kiti, akaniambia polepole: "Mwalimu, ni weye ulimusomeaka ile chupa."

Sikuwa na jibu. Makala hii ndiyo jibu nililoweza kuleta.

Nani alikosa: mzizi, unga au mimi?

Hapa lazima tuwe waangalifu, tusije tukahukumu bila ushahidi. Hatujui ndani ya ile chupa mlikuwa na kitu gani, kwa sababu haikupimwa na mtu. Inawezekana ilikuwa gondolosi kweli. Muuguzi aliyemhudumia alinieleza jambo moja ambalo tunalijua kwa hakika: Papa Fundi aliacha vidonge vyake ghafla. Tansiyo haina maumivu mpaka siku inapovunja kitu. Kidonge hakiiponyi, kinaishikilia chini. Ukikiacha, inapanda tena, na wewe mwenyewe huwezi kuhisi. Kwa hiyo hata kama ule unga ungekuwa safi kama maji ya mvua, kuacha vidonge peke yake kulitosha kumwangusha.

Hatari ya kwanza ya dawa za namna hii, ndugu wasomaji, mara nyingi ni ile dawa uliyoiacha kwa sababu yake.

Wataalamu wamepata nini?

Watu wengi wanadhani hakuna mtu aliyewahi kuchunguza gondolosi. Si kweli. Imechunguzwa, na matokeo yake yanafundisha.

Utafiti mmoja uliotoka mwaka 2008, wa mwanasayansi Mmalawi Fanuel Lampiao na wenzake, ulichukua mbegu za kiume ukaziweka maabara pamoja na maji ya mzizi huu. Mbegu zilionekana kuogelea zaidi kuliko zile ambazo hazikuwekewa. Ni habari njema kwa wanaopenda gondolosi. Lakini angalieni vizuri: hiyo ilitokea ndani ya chombo cha maabara. Hakuna mwanamume aliyepewa mzizi akale, halafu akafuatiliwa kama amepata mtoto.

Huko Kamerun watafiti waliwapa panya dume dawa iliyotolewa katika gome la mzizi huu. Katika utafiti mmoja homoni ya kiume ilipanda. Katika utafiti mwingine, uliotoka mwaka 2001, panya waliopewa dawa hiyo kwa wiki kadhaa walipungukiwa na mbegu na uzazi wao ukashuka. Walipoacha kupewa, uzazi ukarudi.

Mmeona jambo hilo? Mzizi ni ule ule, lakini matokeo yanapingana. Sababu moja ni kwamba namna ya kutoa dawa ndani ya mzizi inabadilisha kinachotoka. Kuna vitu vinavyotoka ukichemsha kwa maji, na vingine vinavyotoka kwa mafuta au kwa kemikali. Na kipimo pia kinabadilisha mambo, pamoja na muda wa kutumia. Basi mtu anayekuuzia unga na kukuambia "unatibu ugumba", muulize: umetengenezwa vipi? Kijiko kina kiasi gani? Nitumie siku ngapi? Kama hawezi kujibu, yeye pia hajui anachouza.

Kwa kifupi, mtu mzima mwenye afya anayetafuna kipande cha mzizi mbichi mara moja moja, kama wazee wetu walivyofanya, anafanya jambo ambalo watu wamelifanya kwa vizazi. Lakini kula unga wake kila siku kwa miezi, kwa vijiko, pamoja na dawa za zahanati, hilo ni jambo jipya. Mababu hawakulifanya, na hatuwezi kusema ni salama kwa sababu mababu walikuwa salama.

"Lakini Mwalimu, ni ya asili!"

Neno hili "asilia" linatudanganya sana. Tumbaku ni ya asili. Uyoga wa sumu ni wa asili. Na sisi Wakongo tuna mfano wetu ndani ya sufuria: muhogo mchungu. Ni mzizi, tunaula kila siku, umetulea. Lakini ukiliwa bila kurowekwa na kukaushwa vya kutosha, sumu iliyomo inabaki. Kule Bandundu kuna familia zilizopatwa na ugonjwa wa konzo, miguu inakakamaa na kupooza, na haiponi tena. Mama zetu hawakuacha muhogo. Walijifunza kuuroweka siku za kutosha. Hiyo ndiyo hekima ya asili: kujua chakula na kujua pia sumu yake.

Na msidhani kwamba dawa za lopitali zinatoka mbinguni. Kwinini inatoka katika gome la mti, na miti hiyo imelimwa kwetu Kivu kwa miaka mingi, Bukavu wanaijua sana. Tofauti ni kwamba mtu amepima ndani ya kidonge kuna kiasi gani, na amejua kikizidi masikio yanaanza kuvuma. Mti ulikuwa mzuri, lakini kipimo ndicho kilichoufanya uwe dawa.

Unga si mzizi

Mzizi mzima unaweza kuushika, kuunusa, na mzee anayeujua anaweza kukuambia ndiyo wenyewe au siyo. Unga hauna uso. Mizizi kumi tofauti ikisagwa inafanana.

Nitawapa mfano wa Ubelgiji, nchi ambayo wazee wetu wanaijua vizuri. Miaka ya mwanzoni ya 1990, wanawake mjini Brussels walikwenda kliniki kupunguza unene. Walipewa vidonge vyenye unga wa mizizi ya Kichina. Mzizi mmoja ulikuwa umebadilishwa na mwingine unaofanana kwa jina, wa jamii ya mimea inayoitwa Aristolochia. Figo zao ziliharibika. Wagonjwa walizidi mia moja, wengi wakahitaji mashine ya kusafisha damu au kupandikizwa figo nyingine, na baadaye baadhi yao wakapata kansa. Hiyo ilikuwa Ulaya, kwenye madaktari na maabara. Sasa sisi na begi la mchuuzi tuko wapi?

Kuna ujanja mwingine pia. Baadhi ya watengenezaji wanachanganya unga wa mizizi na dawa ya viwandani inayoitwa sildenafil, ile inayouzwa kwa jina la Viagra. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani imetoa maonyo mengi juu ya bidhaa za "asili" zilizokutwa na dawa hiyo ndani bila kuandikwa. Nchini Uganda pia mamlaka ya dawa imewahi kuonya juu ya jambo hilo hilo. Mnunuzi anasema, "Aa, huu mzizi una nguvu kweli, umefanya kazi saa hiyo hiyo!" Kumbe si mzizi.

Sildenafil si sumu kwa kila mtu. Ni dawa halali, inatolewa na daktari baada ya kukuangalia. Lakini mtu mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia dawa za maumivu ya kifua za aina ya naitreti, akiichanganya, tansiyo yake inaweza kushuka ghafla mpaka akafa. Na baadhi ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI zinaifanya ikae mwilini muda mrefu na kwa wingi kupita kiasi. Mtu huyo anajiua bila kujua, kwa sababu kwenye chupa pameandikwa mizizi tu.

Kwa hiyo mkumbuke alama hii: dawa ya mizizi inayofanya kazi kwa nusu saa, moyo ukapiga mbio, uso ukawa moto, kichwa kikauma na pua ikaziba, itilie mashaka. Iache, na uende na chupa yenyewe zahanati.

Jambo ambalo wababa hawasemi

Sasa naomba watoto waliokuwa wanasoma kwa sauti wampe baba gazeti.

Baada ya siku nyingi, Papa Fundi aliniambia jambo ambalo hakuniambia siku ya chupa. Hakununua ule unga kwa sababu ya tansiyo. Tangu aanze vidonge vya zahanati aliona nguvu zake za kiume zimepungua. Aliona aibu kumwambia muuguzi, ambaye ni binti wa umri wa mwanae. Mchuuzi hakumwonea aibu. Chupa ikasema inatibu tansiyo na nguvu pamoja, akaona hapo Mungu amejibu maombi yote kwa mara moja.

Nilimuuliza muuguzi kama jambo hilo lina ukweli. Akasema ndiyo. Vidonge vingine vya tansiyo, hasa vile vya kukojoza maji na vingine vya kupunguza mapigo ya moyo, vinaweza kupunguza nguvu za kiume kwa baadhi ya wanaume. Na dawa ni kumwambia daktari abadilishe kidonge au kipimo, kwa sababu zipo aina nyingine. Maneno matatu tu yangetosha: "Dawa hii inanisumbua."

Akaongeza jambo lingine ambalo kila mwanamume wa miaka arobaini na kuendelea alisikie. Nguvu zikipungua polepole, mara nyingi ni ujumbe kutoka kwenye mishipa ya damu. Mishipa hiyo ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo inaonyesha shida mapema. Inaweza kuwa sukari, inaweza kuwa tansiyo, inaweza kuwa moyo unaojiandaa kuumwa miaka michache mbele. Sigara na pombe vinachangia. Na mawazo pia yanachangia. Nani kati yetu hapa kambini hana mawazo? Mtu anayelala akihesabu mgao kama utafika mwisho wa mwezi, anayengoja jibu la ombi lake mwaka wa tano, mwili wake hauwezi kuwa kama wa mtu aliyetulia kwake.

Ukifunika ujumbe huo kwa unga, umezima taa ya hatari na gari linaendelea kwenda.

Na ninyi wamama, nawaomba. Msimcheke mzee. Mzee anayechekwa nyumbani, mchuuzi atampokea vizuri.

Majibu kwa maswali yenu

Mama mmoja mjamzito ameuliza kama anaweza kutafuna gondolosi kwa kichefuchefu. Jibu: usitumie. Hakuna utafiti uliothibitisha kwamba ni salama kwa mtoto aliye tumboni, na mtoto hana njia ya kukataa. Kula kidogo kidogo mara nyingi, na umwambie mkunga. Kwa mama anayenyonyesha ni hivyo hivyo, na watoto wadogo wasipewe.

Kijana mmoja ameuliza kama inaongeza nguvu za kucheza mpira. Ndugu yangu, kunywa maji, lala mapema, kula maharage. Kijana mwenye afya hana deni la nguvu la kulipa kwa unga.

Baba mmoja mwenye sukari ameuliza kama anaweza kuichanganya na vidonge vyake. Usichanganye kabla ya kumwonyesha mhudumu wa zahanati unachotumia. Na usiache vidonge ili "kujaribu". Majaribio ya namna hiyo tumeshayaona mtaani kwetu.

Mzee mmoja, ambaye yeye mwenyewe ni mganga wa miti shamba, amenilaumu kwamba nataka kuwanyima watu chakula chao. Hapana, Papa. Mganga anayeujua mti wake, anayemjua mgonjwa wake, anayesema "huu ugonjwa si wangu, peleka lopitali", huyo ni mwenzetu. Wa kuogopa ni yule asiye na kijiji wala jina, anayeuza asubuhi na jioni hayupo. Na wewe, mzee, una kazi kubwa: wafundishe vijana kuutambua mmea wenyewe, na kuchimba bila kuumaliza. Ukichukua mzizi wote, mmea unakufa. Kule Kenya, kandokando ya msitu wa Kakamega, mukombero ulichimbwa mpaka ukawa adimu msituni, na wakulima wakaanza kuupanda mashambani. Sisi tuko kwenye ardhi ya wenyeji wetu. Tukiwamalizia msitu, tutawaangalia vipi usoni?

Mambo ya kukumbuka (kata kipande hiki ubandike ukutani)

1. Usiache dawa ya tansiyo, sukari, kifafa, kifua kikuu au UKIMWI kwa sababu ya mzizi, unga au maji ya aina yoyote.

2. Ukienda zahanati, sema kila kitu unachotumia, hata cha kienyeji. Wahudumu hawakamati mtu. Wanataka kujua ili wasikupe dawa itakayogombana nayo.

3. Kama kidonge kinakusumbua, rudi useme. Ukiona aibu mbele ya muuguzi wa kike, omba kuonana na wa kiume.

4. Heri mzizi mzima unaotambuliwa na mzee anayeujua kuliko unga usiojua ulikotoka.

5. Dawa moja inayotibu magonjwa yote haipo. Chupa yenye orodha ndefu ya magonjwa inatafuta pesa zako.

6. Angalia jina la mtengenezaji, mahali anapopatikana, namba ya usajili na tarehe ya kwisha muda. Visipokuwepo, rudisha chupa. Vikiwepo, bado uliza zahanati.

7. Mdomo ukienda upande, mkono au mguu ukiishiwa nguvu ghafla, maneno yakivurugika, usimpake mafuta wala kumngoja mpaka asubuhi. Mpeleke zahanati saa hiyo hiyo. Kila dakika ina maana.

Mwisho

Katika darasa la jioni nimebadilisha kidogo masomo. Zamani tulijifunza kusoma kwa vitabu vya hadithi. Sasa kila Alhamisi tunaleta pakiti na chupa tulizonazo nyumbani: chumvi, sabuni, mafuta, dawa. Tunasoma pamoja, na baada ya kusoma kila mtu lazima aulize swali moja ambalo maandishi hayakujibu. Wiki iliyopita Papa Fundi alikuja, amekaa mbele, anaandika kwa mkono wa kulia. Alishika pakiti ya vidonge vyake vya tansiyo, vipya alivyobadilishiwa, akasoma jina herufi kwa herufi mpaka akalimaliza. Kisha akaniangalia, akasema, "Mwalimu, hapa hawajaandika nimeze mbele ya kula ao nyuma ya kula. Nani atanijibu?"

Nikamwambia, "Papa, mimi sijui. Kesho asubuhi twende wote tukaulize."

Tulikwenda. Tuliambiwa kwake yeye yoyote ni sawa, mradi iwe saa ile ile kila siku.

Wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Kama una chupa au pakiti ambayo huielewi, ilete darasani siku ya Alhamisi. Sitakusomea tu, tutaiuliza pamoja.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya moshi wa mkaa ndani ya nyumba na kikohozi cha watoto. Mkae salama.

Ni mimi, mwalimu wenu wa jioni.